Vichwa Vilivyokatwa Ruiru

Jumapili moja nilienda Ruiru kupeleka meno. Mimi hutengeneza meno bandia katika kliniki moja mjini Thika, na mama wa rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alikuwa amelalamika kwamba seti yake ya chini inamkwaruza ufizi kila akila githeri, mahindi na maharagwe. Nikaisugua upya, na kwa kuwa magoti yake ni mabaya, nikaona heri nimpelekee nyumbani kuliko kumsumbua aje mpaka Thika. Aliyavaa, akatafuna kipande cha mkate, akasema sasa yamekaa. Kisha akanituma nikamsalimie mwanawe, ambaye alikuwa chumba cha nyuma na "wale watu wake".

Wale watu wake walikuwa juu ya meza kubwa kuliko kitanda. Rafiki yangu alikaa ng'ambo miaka mingi akifanya kazi ya kompyuta, na alirudi na mchezo huu wa vita vya mezani. Mnapanga majeshi ya vijisanamu, kila kimoja kirefu kama kidole gumba, mnarusha dadu, na mnapima kwa tepu askari anaweza kusonga mpaka wapi na risasi yake kufika wapi. Alikuwa amejenga vilima kwa sponji na mto kwa gundi inayong'aa. Majeshi ya Wazungu yalikuwa yamepakwa rangi mpaka vifungo vya makoti. Nilivutiwa, sitadanganya. Maisha yangu yote ya kazi ni vitu vidogo, na mtu akifanya kitu kidogo vizuri mimi huinama nikatazama.

Nilipokuwa nimeinama hivyo ndipo nikaona bati la biskuti chini ya meza, limejaa vijisanamu vya madini visivyopakwa rangi.

"Na hawa ni kina nani?"

"Ah, hizo ni za Burma. Waafrika wa jeshi la Mwingereza, Vita vya Pili vya Dunia. Huwa nazitumia tu zikihitajika."

Nikamimina wachache kiganjani. Kwanza nilicheka. Kichwa cha kila mmoja kilikuwa na upana wa kifua chake. Ngumi zao zilikuwa kama maandazi, na miguu ilikuwa mifupi hivi kwamba bunduki ingeburuzwa chini wakitembea. Halafu nikamgeuza mmoja kwenye mwanga nikaona uso, na kicheko kikaniishia. Midomo ilikuwa soseji mbili. Macho yalikuwa yamemtoka. Pua ilikuwa imebonyezwa kama kwamba aliyeichonga aliweka kidole gumba juu ya nta akakandamiza, akaendelea na kazi nyingine. Nikachukua mwingine. Uso uleule. Wote walikuwa na uso uleule, na mdomo wazi, kama watu walioona jini.

Nikarudi kwa Wazungu wa mezani nikawatazama upya. Nao walikuwa na vichwa vikubwa na miguu mifupi, ni kweli. Lakini nyuso zao zilikuwa nyuso za watu. Mmoja alikuwa na masharubu, mwingine amechoka, mwingine kijana.

"Kwa nini wamefanywa hivi?"

"Ndiyo staili yake," akasema rafiki yangu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hili mara nyingi. "Kichwa kikiwa saizi ya ukweli, ukikaa upande ule wa meza huoni kitu. Mikono ikiwa myembamba inavunjika. Si lazima zifanane na watu kabisa."

"Na midomo?"

"Midomo imefanya nini?"

"Midomo pia ni ya kuonekana kutoka upande ule?"

Akacheka. "Wewe, usianze. Ni toys tu, vya kuchezea."

Baba wa mama yangu alipigana Burma. Hilo ndilo karibu jambo pekee tulilojua, kwa sababu hakupenda kuhadithia. Lakini mwili wake naukumbuka vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo ndefu na kichwa kidogo kilichonyolewa, na alipenda kusimama kando ya ukuta kama ngazi iliyoegemezwa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunapita kati ya miguu yake bila kuinama sana. Nilisimama mle chumbani na yule kikaragosi mkononi.

"Nipe hawa," nikasema.

"Utanipakia rangi?"

"Nitawarekebisha."

"Utarekebisha nini sasa?"

"Kila kitu."

Akasema chukua, mimi sina shida. Nikaondoka na bati lote.

Nyumbani kwangu ni mtaa wa Kamenu, hapo Thika, naishi na mama yangu. Kwa muda mrefu alikuwa fundi wa nguo na kibanda chake kilikuwa mtaa wa Landless, mpaka macho yakakataa kutunga uzi. Jumamosi iliyofuata nilitandika gazeti kwenye meza ya kulia, nikatoa visu vyangu vya nta, drili ndogo, waya, na ile epoksi ya vipande viwili ambayo ukiikanda inakuwa laini kama unga wa chapati, kisha ikikaa inakuwa mfupa. Nikamwekea mama askari mmoja mkononi. Akamsogeza karibu na jicho, akamsogeza mbali.

"Ngai! Huyu amekatwa miguu?"

"Hapana, mama. Ndivyo alivyotengenezwa."

"Ni nani huyu?"

"Anasemekana ni mtu kama guka, baba yako."

Mama alimrudisha mezani. Akamsukuma mbali kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye nguo.

Wa kwanza nilimharibu kabisa. Nilidhani nitapunguza kichwa kwa msasa tu na mambo yataisha, lakini ukisugua kichwa kile unabaki na kichwa kidogo kisicho na uso, juu ya mabega ya dubu. Nikajifunza kwamba huwezi kurekebisha kiungo kimoja. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba na kitu hivi, na wale askari hawakufika vitano. Kwa hiyo nilianza chini. Nilimkata mguu juu ya goti na tena chini ya goti, nikatoboa matundu, nikatia waya, nikavuta vipande mpaka vikawa na nafasi katikati, nikajaza epoksi. Nikiwa naisubiri ishike nilichonga mikunjo ya suruali. Buti nilizipunguza, maana zilikuwa kama mikate. Kiuno nikakikata nikakiongezea kidogo. Ngumi nilizikata zote, nikatengeneza viganja vipya kwa waya mwembamba, kila kidole peke yake. Kichwa kikawa cha mwisho. Nilikikata kabisa nikakitupa, nikajenga kingine juu ya kipande cha waya, kidogo kama punje ya njegere, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Pua pana si pua iliyobonyezwa. Mdomo mnene una ukingo, una pembe, unafungwa. Mimi natengeneza midomo ya watu kila siku. Meno ndiyo yanayoubeba mdomo. Ukiyaweka mbele kidogo tu mzee anaonekana mwingine, watoto wake wanakataa kumtambua. Nilijua nilichokuwa nakifanya, na kila nilipokuwa namtolea mmoja uso ule wa kiwandani, nilikuwa namtukana aliyeuchonga, kwa sauti, mpaka mama akaniambia niheshimu nyumba.

Baadaye mama akaanza kukaa nami. Haoni vizuri karibu, lakini umbo la mtu analijua kwa mikono. Alikuwa akimshika mmoja, akimpapasa kwa ncha za vidole.

"Huyu mkono umezidi. Mtu akiuachilia unaishia katikati ya paja. Huyu atajikuna goti bila kuinama."

Nikapunguza mkono.

"Na huyu umempa mabega ya mtu aliyeshiba. Hawa si walikuwa wanatembea msituni miezi mingi?"

Nikapunguza mabega.

Alipofika kwa mmoja niliyekuwa nimemfanya mrefu kuliko wenzake, amesimama ameegemea bunduki, alimpapasa mpaka miguuni. Kisha akasema polepole, "Maitu, binti yangu, huyu kifundo chake cha kulia kilegeze. Asikikanyagie. Baba alivunjika kule, na hakikupona sawasawa. Ndiyo maana alikuwa anaegemea ukuta."

Sikuwahi kujua hilo. Nilidhani ni mtindo wake wa kusimama. Nikamkata kifundo upya, nikakigeuza kidogo nje, na uzito wote nikauhamishia mguu wa kushoto. Nilipomaliza, mama alimpapasa tena akatikisa kichwa kukubali, akainuka akaenda kuwasha jiko.

Ilinichukua mvua za masika zote na sehemu ya baridi kumaliza kikosi kizima. Nilipowarudisha Ruiru, walikuwa karibu thelathini, wamepakwa rangi, kila mmoja na uso wake. Rafiki yangu alikuwa na wenzake wa mchezo, wanaume watatu. Niliwapanga kwenye ukingo wa meza. Wakainama kuwatazama. Kando ya wale wengine wenye vichwa kama maboga, askari wangu walionekana kama watu halisi walioingia kwenye sherehe ya watoto.

"Aisee," akasema mmoja, "ni wembamba. Wanakaa kama wana njaa."

"Walikuwa na njaa," nikajibu.

Mwingine akasema kazi ni safi, ila mchezoni zitasumbua, bunduki ni nyembamba, zitavunjika. Rafiki yangu alikuwa amemwinua yule wa kuegemea bunduki, anamzungusha. Akasema, "Hii umeweza. Hii kweli umeweza." Nakiri nilifurahi. Tukacheza siku ile, na siku nyingine kadhaa, na mimi nikajifunza sheria. Bunduki hazikuvunjika, kwa sababu ndani yake nilikuwa nimetia waya wa chuma.

Halafu rafiki yangu akaniomba niwaache kwake. Kulikuwa na wageni wanakuja kutoka Nairobi, watu wanaocheza kwa bidii, na mmoja wao alikuwa na jarida la mtandaoni la mambo haya. Kungekuwa na mchezo mkubwa wa Burma, siku nzima. Angependa kuwapanga mapema, apige picha. Nikasema sawa. Nilimkabidhi wakiwa ndani ya boksi nililotandika pamba.

Siku yenyewe nilichelewa kidogo kwa sababu ya mgonjwa aliyevunja taya ya juu ya meno yake bandia asubuhi ya harusi ya mjukuu. Nilipofika Ruiru mchezo ulikuwa umeanza. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wameshika chai na dadu. Nikapenya mpaka mezani nikawatafuta askari wangu.

Mwanzo sikuelewa nilichokuwa nakiona. Niliona ile miguu mirefu, viganja vyangu, mikunjo yangu ya suruali. Juu ya kila mwili kulikuwa na kile kichwa kikubwa cha kiwandani. Macho yaliyotoka. Midomo ya soseji, tena safari hii imepakwa rangi nyekundu. Yule mrefu alikuwa ameegemea bunduki yake, kifundo kimelegea vilevile, na kwenye shingo niliyoichonga kwa siku mbili kulikuwa kumebandikwa boga.

"Ni nani amefanya hivi?" nikauliza.

Rafiki yangu akaja haraka, akaniwekea mkono begani. "Usijali, usijali. Nilikuwa nakupigia jana, hukushika. Tulijaribu picha, wakaonekana tofauti sana na wengine. Kwa kamera vichwa vilikuwa vinapotea. Nilikuwa na vichwa vya ziada vya seti ileile, nikabadilisha tu. Miili nimeacha yako."

"Umekata vichwa."

"Nimebadilisha."

"Uliwakata na nini?"

"Na koleo, basi."

Mgeni mmoja, bila ubaya wowote usoni, akaingilia kati. "Dada, ni afadhali hivi. Zile za kwanza tulikuwa tunauliza, hawa ni kina nani? Hawakuwa wanakaa kama Waafrika."

Alikuwa mtu mweusi kama mimi. Alikuwa na pua yake, mdomo wake, kichwa cha kawaida juu ya shingo ya kawaida. Hasira nimewahi kuzipata: za kliniki, za kanjo, wale askari wa kaunti, za jirani anayemwaga maji machafu langoni. Hii haikuwa kama hizo. Hii ilikuwa baridi, na ilinifanya nione kila kitu mezani kwa uwazi mkubwa.

"Vichwa viko wapi?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Vipi?"

"Nilivyotengeneza mimi."

"Nilifagia. Sikujua unavitaka."

Nikachukua boksi la pamba lililokuwa juu ya kabati, nikaanza kuwaondoa mezani. Mmoja mmoja. Mchezo ulikuwa katikati, na mtu akapiga kelele, "Eh, eh, huyo alikuwa anashikilia daraja!" Mwingine akashika tepu yake juu kana kwamba nitaikanyaga. Rafiki yangu akanisihi kwa sauti ya chini, "Tafadhali, si mbele ya watu. Tumalize, halafu tuongee."

"Ulikuwa na muda wa kuongea kabla ya koleo."

"Ni toys! Unalia juu ya toys!"

Nilikuwa silii. Lakini neno hilo likanikasirisha zaidi. "Sema tena kwamba Wazungu wako ni toys," nikamwambia. "Wacha nichukue huyu wa masharubu nimfanye mdomo wa soseji, nimtokeze macho, halafu useme ni toys. Uliwapaka hawa vifungo. Vifungo! Na sisi ukaona hata uso ni mzigo."

Mama yake alikuwa amefika mlangoni na chupa ya chai, akanitazama mimi, akatazama wageni. "Wewe ni mtoto wa watu wenye adabu," akaniambia. "Hata kama amekosea, huwezi kumwaibisha mtu mbele ya wageni wake."

Nilimwinamia kichwa kwa heshima. Niliwahesabu askari wangu kimoyomoyo, nikafunga boksi, nikatoka.

Mama yangu nilipomweleza alitaka kuwashika. Sikutaka, lakini alisisitiza. Alipofika kwa yule mrefu vidole vyake vilipanda kutoka kifundoni, vikafika shingoni, vikagusa kichwa, vikarudi haraka. "Mtoe," akasema. "Mtoe sasa hivi." Nikamtoa. Nikawatoa wote, jioni ileile, na vichwa vile nikavipeleka nje kwenye pipa.

Nimewatengenezea vichwa vingine tangu wakati huo. Si vibaya. Lakini uso wa mtu mdogo namna ile hutoka mara moja. Kisu kinateleza kidogo, unaona ni yeye, unaacha. Nimejaribu wa yule mrefu mara nyingi. Natoa mzee, natoa mwanamume mzuri wa makamo, natoa mtu ambaye ungemsalimia barabarani. Mama akimgusa anamrudisha mezani, nami naelewa kwamba si baba yake. Zile picha za majaribio rafiki yangu alizifuta; zilizobaki zote zilipigwa baada ya vichwa kubadilishwa, na jarida liliziweka. Chini yake walisifu miili. Walisema inapendeza jinsi ilivyo ya kweli. Nilisoma sentensi ile nikiwa kazini na nusura nivunje seti ya mtu mkononi.

Rafiki yangu alinitumia ujumbe mwingi. Kwanza alijitetea, kisha akasema samahani kama nimeumia, neno ambalo sikulijibu kwa sababu ya lile "kama". Mama yake sasa alikuwa akija kliniki mwenyewe, na magoti yake mabaya, nami niliendelea kumhudumia kama mtu mwingine yeyote, nikasugua panapokwaruza. Siku moja, akiwa bado amefungua mdomo na kioo changu kimo ndani, alijaribu kusema kitu. Nilipotoa kioo akasema, "Hachezi siku hizi. Anakaa mle chumbani na koleo."

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja Kamenu bila kupiga simu. Alikuwa na Mzungu wake mmoja, yule wa masharubu, amemkata miguu ajaribu kumrefusha. Alikuwa amefanya vibaya sana. Goti moja lilikuwa linatazama nyuma na epoksi ilikuwa imemwagika kama uji.

"Nimeona walivyo," akasema, akiwa bado amesimama. "Ukishaona huwezi kuacha kuona. Wote ni vikaragosi. Ila vile vya Waafrika ni matusi. Nilikuwa sioni. Nimekosa."

Mama alimkaribisha, akamwekea chai. Mimi sikusema karibu. Nilikaa nikitazama lile goti lililogeuzwa, na hasira ilikuwa palepale, haikupungua hata kijiko kimoja kwa sababu ya neno lake. Lakini kazi mbaya ikiwa mbele yangu mimi siwezi kuitazama tu. Nikamnyang'anya yule wa masharubu, nikavunja goti lake, nikamwonyesha rafiki yangu mahali pa kutoboa.

"Toboa mwenyewe," nikamwambia. "Mimi sikufanyii."

Akainama akatoboa, akajichoma kidole, akaendelea. Alipoinua macho akauliza kama ninaweza kurudi Ruiru siku moja, na askari wangu. Nikasema hapana. Akauliza kama ni hapana ya sasa au ya milele. Nikamwambia anywe chai, inapoa.